Arusi ya mila mbili: binti anaulizwa mara tatu

Los Angeles, kule Marekani, kuko Wairani wengi waliohama kwao tangu mapinduzi ya 1979, na Wamexico wengi kuwapita. Vijana wanasoma pamoja, wanapendana. Siku ya arusi ikikaribia, mama wawili wanaangaliana: tutafuata mila ya nani?

Wengi wanajibu: zote mbili. Kuko wanaosema hiyo ni mambo ya kupiga picha tu. Mimi sikubali.

Wairani wanatandika kitambaa chini, wanakiita sofreh: kioo, mishumaa, mayai, asali. Wenye arusi wanakaa mbele ya kioo, wanawake wanashika kitambaa kingine juu ya vichwa vyao na kusugulia hapo sukari ngumu. Mwenye kufungisha anauliza binti kama anakubali. Binti ananyamaza. Wageni wanajibu: «Ameenda kuchuma maua!» Anaulizwa tena, wanatoa sababu ingine. Mara ya tatu njo anasema ndiyo, kwa ruhusa ya wazazi.

Wamexico wanaleta lazo, kamba ao rozari kubwa inayowafunga wote wawili kwa mabega kama namba 8. Halafu arras: vipande 13 vya pesa, bwana anavimwanga katika mikono ya bibi. Lazo, arras, keki, muziki, kila kitu kiko na padrino wake anayelipa. Makomite yetu ya arusi, mumesikia?

Hapa njo mila zinakutana kweli. Wairani nao wako na mehrieh, ahadi ya bwana kwa bibi, mara nyingi inahesabiwa kwa vipande vya dhahabu. Haiko mchezo: wanaume walifungwa gereza juu ya deni hiyo, mpaka sheria ya 2013 ikasema kwa vile vinavyopita 110 mtu hafungwi tena. Pande zote mbili, mali inaingia katika mkono wa bibi.

Dini, hiyo ni ngumu zaidi. Kanisa Katoliki linadai ruhusa ya askofu kama mmoja hajabatizwa, na sheria ya Irani haikubali mwanamke Mwislamu aolewe na asiye Mwislamu. Kamba na kioo haviwezi kumaliza jambo hilo, na wanaojifanya hawalioni watalikuta siku ya kuzaa mtoto.

Kwetu, Code ya familia inadai dote, na dote inaenda kwa wazazi wa binti. Siikatai, nami nililipa. Lakini juzi nilikaa katika mkutano wa familia mbili za makabila mbalimbali, masaa mane. Tulihesabu mbuzi, tukabishana juu ya koti ya baba na vitenge vya mama, wazee wawili walisimama wakitaka kwenda. Binti alikuwa jikoni, anatupikia. Hakuna aliyemwita kumuuliza, ata mara moja.