Kumvusha Mtoto Barabara ni Kazi ya Mtu Mzima

Sisi wa Ilomba, jijini Mbeya, tumejenga kando ya njia kuu. Barabara ya TANZAM inatupitia ikiwa na malori ya mafuta yaendayo Tunduma, na mengine yarudiyo na shaba ya Zambia na Kongo kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Katikati ya malori hayo hupenya daladala, bajaji na bodaboda. Na asubuhi za masomo, mara nyingine ukungu ukiwa bado haujainuka, watoto wetu huikata barabara hiyohiyo kwa miguu.

Katika shule kadhaa za nchi hii, kazi ya kuwavusha wamekabidhiwa wanafunzi wenyewe. Viranja huvishwa vizibao vinavyong'aa, hupewa kibao cha kusimamisha magari, na askari wa usalama barabarani huwafundisha namna ya kusimama na kuashiria. Vijana hao wanastahili sifa. Hata hivyo nasema bila kumung'unya maneno: tumewatwisha mzigo usio wao.

Tuutazame mwendo wa magari. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva asizidi kilomita 50 kwa saa penye makazi ya watu. Hata dereva anayeitii sheria hiyo hula karibu mita 14 kila sekunde. Lori lililosheheni linahitaji nafasi ndefu zaidi kabla halijasimama, na lami ikilowa mvua, nafasi hiyo huongezeka. Kupima kama gari lile la mbali litasimama au halitasimama ni jambo linalowatatiza hata watu wazima. Leo tunamwachia mtoto wa miaka 12 alipime, tena kwa niaba ya wenzake 30 walio nyuma yake.

Tena tuiangalie saa. Watoto wa darasa la kwanza na la pili hutoka mapema kuliko wakubwa wao. Wakati huo kiranja mvushaji yuko darasani, kizibao kimetundikwa ofisini, na kaka au dada aliyemshika mdogo wake mkono asubuhi anafanya hesabu. Kwa hiyo wale wadogo kuliko wote, wasioonekana hata mbele ya boneti ya lori, ndio wanaofika ukingoni pasipo msimamizi. Mpango unaomlinda mtoto asubuhi na kumtupa mchana haujakamilika.

Wenzetu walikwisha kuling'amua hili. Huko Marekani, kikosi cha wanafunzi cha usalama barabarani kilianzishwa mwaka 1920 na chama cha wenye magari cha Chicago. Kanuni yake ni kwamba mwanafunzi huwaongoza wanafunzi wenzake tu: huwazuia ukingoni mpaka njia iwe salama. Kuyaongoza magari si kazi yake. Uingereza, sheria ya mwaka 1953 ilimpa mvushaji mtu mzima nguvu kamili, hata dereva asiyesimama mbele ya kibao chake anahesabiwa kuwa mkosaji. Basi mtoto awatulize watoto wenzake, na mtu mzima ayasimamishe magari.

Jambo hili halingoji kesho. Barabara yetu ya TANZAM inapanuliwa kuwa ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi. Ni neema kwa biashara na kwa msafiri, lakini kwa mtoto barabara pana ni safari ndefu zaidi kati ya ukingo na ukingo, na magari yapatayo nafasi huongeza mwendo.

Najua wapo watakaosema kuwa hiyo ni kazi ya trafiki. Ni kweli, lakini askari hawatoshi kusimama kwenye kila kivuko kila siku ya masomo. Wengine watauliza fedha zitoke wapi. Nami nawauliza: mbona harusi na misiba tunaichangia bila kuitwa mara mbili? Wazee walisema mkono mmoja haulei mwana.

Kwa hiyo nawaomba wenyeviti wa mitaa na kamati za shule waketi pamoja. Wachague kwa kila kivuko watu wazima wawili wanaoaminika, wawapatie kizibao, kibao na posho, kisha wawaombe polisi wawafunze. Wasimame asubuhi, wasimame pia saa watokapo wadogo. Viranja wabaki ukingoni kuwapanga wenzao. Diwani naye asiache kuwadai TANROADS matuta, alama na michoro ya vivuko inayoonekana.

Nawe dereva, uwe wa lori au wa bajaji, punguza mwendo uonapo sare ya shule, na simama kabla hujaombwa. Nawe mzazi, usingoje msiba ndipo uhudhurie mkutano wa shule. Mkutano ujao nenda, na uliza swali moja: nani anamvusha mtoto wa darasa la kwanza mchana?