Kapu Moja, Mbebaji ni Nani?

"Kura zetu tuziweke kapu moja." Kaa kwenye steji ya bodaboda sokoni Matete, kaunti ya Kakamega, msimu huu wa kujipanga kwa uchaguzi wa 2027, utaisikia kauli hiyo kabla pikipiki ya kwanza haijapata abiria. Huitoa kijana wa boda, huitoa mzee aliyetoka kuulizia malipo ya miwa yake, na Jumamosi huitoa mheshimiwa mazishini, marehemu akiwa bado hajashushwa kaburini. Wote huitikia. Mimi siitikii.

Imani yenyewe ni kwamba Mluhya hajaingia Ikulu kwa sababu kura zake hutawanyika. Apatikane msemaji mmoja, tumfuate, mengine yatajipa.

Tuanze na hesabu, maana haichukui muda. Jumlisha Kakamega, Bungoma, Vihiga na Busia: utapata karibu moja ya kumi ya wapigakura waliosajiliwa nchini. Katiba ya 2010 inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24. Kapu letu hata likijaa pomoni halimfikishi mtu huko. Watetezi wake wanalijua hilo, kwa hiyo hugeuza maneno: kapu ni la kujadiliana na wakubwa. Sawa. Anayejadiliana ni nani, na alitumwa na nani?

Tarehe 31 Desemba 2016, uwanjani Bukhungu, Musalia Mudavadi alitawazwa msemaji wa jamii, Francis Atwoli akiongoza shughuli. Hakuna debe la kura lililoletwa kwenye wadi zetu za Chevaywa wala Lwandeti. Januari 2022, katika ukumbi wa Bomas, chama chake cha ANC kikaingia kambi ya William Ruto. Mkataba wa muungano wa Kenya Kwanza ukawaahidi ANC na Ford Kenya ya Moses Wetang'ula asilimia 30 ya serikali, nao walete angalau asilimia 70 ya kura za Magharibi. Kura ya mama wa Matete iliwekewa bei kabla hajaulizwa kama anaiuza. Uchaguzi wa Agosti ulipofika, Kakamega ikampa Raila Odinga, mpinzani wa Ruto, ushindi wa wazi. Hata hivyo Mudavadi akawa Mkuu wa Mawaziri, Wetang'ula akawa Spika wa Bunge la Kitaifa. Kapu lilipasuka njiani, wabebaji wakalipwa vilevile.

Hapo utaambiwa uwaangalie watu wa Mlima Kenya, walivyo kitu kimoja. Haya, tuwaangalie. Walimmiminia Ruto kura 2022, wakapata naibu rais, Rigathi Gachagua, na tarehe 17 Oktoba 2024 Seneti ikamng'oa. Umoja wao haukumwokoa hata wiki moja. Ukambani nako wamesimama na Kalonzo Musyoka miaka nenda miaka rudi, na Ikulu bado wanaionea mbali.

Na "mtu wetu" akishapanda, hutuletea nini? Kiwanda cha karatasi cha Webuye, Panpaper, kilifungwa 2009. Wakati huo Mudavadi alikuwa Naibu Waziri Mkuu, Wetang'ula Waziri wa Mambo ya Nje. Sisemi wao ndio waliokifunga. Viwanda hufa kwa madeni na usimamizi mbovu. Nasema kuwa na wetu mezani hakukuwasha mitambo.

Uamuzi wa nani agombee hufanyika mapema, kwenye mchujo wa chama, mahali ambapo sisi huwa hatupo. Kasarani, tarehe 1 Septemba 2007, wajumbe wa ODM walimpa Raila kura 2,656, Mudavadi 391, Ruto 368. Watu wasiojaza hata kona moja ya uwanja wa mpira. Mpigakura wa Matete alipofika kituoni Desemba, alikuta mgombea na mgombea mwenza wameshapangwa. Naye akaambiwa asitawanye kura!

Wajumbe hao hutoka kwenye matawi, na matawi hutakiwa kuwa na uchaguzi. Uliza Matete nzima mjumbe wa wadi ni nani na alichaguliwa lini. Wengi watakutazama tu. Hata uanachama wenyewe una mashaka: mwaka 2021 Wakenya wengi walifungua tovuti ya serikali ya eCitizen wakajikuta wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kujiunga navyo. Hilo halikuwaudhi wahubiri wa kapu, kwa sababu jina lako linawafaa hata usipokuwapo.

Kwa hiyo mwaniaji anayetaka kuungwa mkono hapa aitwe kabla ya mchujo, si baada yake. Aulizwe mkulima wa miwa atalipwa baada ya siku ngapi, na nani atashtakiwa siku hizo zikipita. Aulizwe kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichokodishwa kwa mwekezaji binafsi 2025, kitasimamiwa na nani kwa niaba ya mkulima. Akijibu kwamba yeye ni mtoto wetu, aulizwe tena.