Njia ya Mwendokasi Tuwaachie Wenyewe

Ndugu zangu mnaoendesha baiskeli na pikipiki za umeme hapa Dar es Salaam, kwanza hongereni. Hamtoi moshi, hampigi kelele, na pesa ya mafuta inabaki nyumbani. Nawaomba jambo moja: tusiingie njia ya mwendokasi.

Najua inavyoshawishi. Jioni pale Ubungo foleni haisogei, na katikati ya barabara kuna njia ya zege, tupu. Abiria nyuma anakuhimiza: "Pita tu, mbona wenzio wanapita?" Wapo wanaojitetea kwamba chombo cha umeme hakichafui hewa. Ni kweli, lakini tangu mabasi ya mwendokasi yaanze kazi kati ya Kimara na Kivukoni mwaka 2016, njia hii haikutengwa kwa ajili ya moshi. Ilitengwa ili basi la mita 18, limejaa watu, lipite bila kuzuiwa. Dereva wake akikanyaga breki ghafla kwa ajili yako, waliosimama ndani ndio wanaoanguka.

Na ule ukimya tunaousifu, hapa ndio hatari yenyewe. Vituo vingi viko katikati ya barabara, kwa hiyo abiria hana budi kuvuka njia hiyo kwa miguu. Mama mwenye mtoto mgongoni na mfuko mkononi hutazama kama basi linakuja, kisha hutega sikio. Pikipiki ya mafuta ataisikia ingali mbali. Ya umeme ataiona imeshamfikia. Asiyeona je?

Kando ya Barabara ya Morogoro zilijengwa njia za baiskeli, ila mara nyingi utakuta gari limeegeshwa au meza ya biashara imepangwa humo. Wenye magari na wafanyabiashara, tafadhali tupisheni. Nanyi wakubwa wa jiji, wekeni wazi baiskeli ya umeme ihesabiwe chombo gani. Umoja wa Ulaya ulishaamua: chombo cha pedali chenye mota isiyozidi wati 250, inayomsaidia anayekanyaga na kuacha kusukuma mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa, ni baiskeli. Kwetu nako mpaka wa namna hiyo ungewaepusha trafiki na waendeshaji kubishana barabarani.

Kwa sasa, mwenye pikipiki abaki na magari mengine, na mwenye baiskeli apige kengele mapema anapowakaribia waenda kwa miguu. Nawe abiria, ukiona dereva wako anakata kona kuingia mwendokasi, mguse bega umwambie kuchelewa umekubali.