Kikifeli, inakuaje?

Sikizeni wanangu. Mwongozo wa zana ya kuvuta data kwa mkupuo, hizi wanazotumia ajenti wa AI, haupimwi kwa urembo. Mimi huruka mpaka pale panapoeleza kitu kikifeli inakuaje. Pakiwa kimya, nafunga.

Chukua kaunti zetu 47. Ajenti anaomba kurasa 47 kwa mpigo mmoja. Seva inakataa 3 kwa kodi ya 429, yaani maombi yamezidi. Zinarudi 44. Mwongozo haukusema zilizokosekana zitaonyeshwa vipi, basi ajenti anajumlisha 44 na kukuandikia "Kenya nzima". Mombasa ndiyo 001 kwenye orodha, na huenda ndiyo iliyoachwa nje. Utajuaje?

Mtu angeshtuka, angeuliza. Ajenti anaenda na alichoandikiwa.

Na msiniambie "si ajaribu tena". Mara ngapi? Baada ya sekunde ngapi? Zote 47 ama zile 3 tu? Maana bando linaloisha ni langu hapa Bofu, si la aliyeandika huo mwongozo. Halafu kuna wa kuniambia mimi niliacha chuo, nitakosoa nini. Niliacha chuo, sikuacha kusoma.