Mwili unauma kila mahali? Maji na pumzi vinaweza kusaidia

Wapo akina mama wanaoamka alfajiri wakiwa wamechoka kuliko walivyolala. Leo mabega yanauma, kesho kiuno, keshokutwa mapaja. Wamepimwa malaria, taifodi na baridi yabisi, majibu yote safi. Nyumbani wanaanza kuitwa wavivu, na majirani wananong'ona kuwa wamerogwa.

Hali hiyo inaweza kuwa fibromialjia. Ni ugonjwa ambao mfumo wa fahamu unakuza maumivu, mfano wa redio iliyofunguliwa sauti hadi mwisho. Hauonekani kwa eksirei wala kipimo cha damu. Daktari huutambua kwa kumsikiliza mgonjwa: maumivu yaliyoenea mwilini kwa miezi 3 au zaidi, usingizi usioburudisha, uchovu na kusahausahau. Hauambukizi, na wengi wanaoupata ni wanawake.

Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2017 unayapa mazoezi nafasi ya kwanza. Mazoezi ya majini ni miongoni mwake. Uchambuzi wa mwaka 2014 wa tafiti 16, zilizohusisha watu 881, ulionyesha yanaweza kupunguza maumivu na ukakamavu wa mwili.

Aina moja, Ai Chi, ilibuniwa Japani na Jun Konno. Mtu husimama kwenye maji ya uvuguvugu yanayofika mabegani, magoti yamekunjwa kidogo. Anavuta pumzi puani mikono ikipanda taratibu, anaitoa mdomoni mikono ikishuka. Maji hubeba uzito wa mwili, hivyo viungo hupumzika. Pia hubana kifua kidogo, na misuli ya kupumulia hufanya kazi.

Si kila familia ya Songea ina bwawa la namna hiyo karibu. Hata hivyo, mto si mbadala. Maji ya mito na madimbwi yanaweza kuwa na kichocho, na baridi ya Juni na Julai huwazidishia wengi maumivu.

Nyumbani, jioni, anza hivi:

• Weka maji ya uvuguvugu kwenye beseni. Yapime kwa kiwiko, hasa kwa mwenye kisukari, kwani miguu yake huenda haihisi moto.
• Kaa kwenye kiti, mgongo wima, miguu ndani ya maji.
• Vuta pumzi puani ukihesabu hadi 4, itoe taratibu ukihesabu hadi 6. Ukisikia kizunguzungu, pumzika.
• Endelea kwa dakika 5 hadi 10.

Beseni halibebi uzito kama bwawa, na haliponyi ugonjwa. Joto na pumzi ya taratibu hutuliza mwili kabla ya kulala. Ongeza matembezi: dakika 10 kwa siku, kisha zidisha kidogokidogo.

Usinywe diklofenaki kila siku bila ushauri. Huumiza tumbo na figo. Viungo vikivimba, homa ikidumu, uzito ukipungua au mguu ukifa ganzi, nenda hospitali. Ukifika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ulizia pia fiziotherapia.

Kwa baba na watoto: mama akisema anaumwa, aaminiwe. Ndoo ya maji na jembe vinaweza kubebwa na mwingine siku hiyo.