Biashara Isiyobisha Hodi

Kutafuta mteja ni kazi ya halali, tena ni ya kale katika pwani yetu. Kilwa Kisiwani ulikuwa mji wa biashara. Dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwake, na Ibn Battuta alipoufikia mwaka 1331 aliusifu kwa uzuri. Hata neno wamachinga, ambalo leo ni jina la wachuuzi wadogo wa Tanzania nzima, husemwa kuwa limetokana na Wamachinga wa Lindi. Basi hatuandiki haya kwa kuichukia biashara. Twaandika kwa sababu imezuka desturi mpya ya kutafuta wateja, nayo yapingana na adabu iliyoifanya biashara ikubalike kwa watu.

Desturi yenyewe ni hii. Vimeundwa vyombo vya kutafutia watu kwa ajili ya mawakala wa akili mnemba, yaani programu za kompyuta zinazopewa amri kisha zikaitimiza zenyewe. Muuzaji hutaja haja yake kwa maneno machache: nitafutie wanunuzi wa ufuta walioko Lindi, au wenye nyumba za wageni Kilwa Masoko. Wakala hukiuliza chombo. Chombo huchakura intaneti, kikakusanya jina, kazi, mahali na namba ya simu, kisha kikarudisha orodha. Wakala mwingine aweza kumwandikia kila aliyemo, na barua ikadhaniwa imetoka kwa binadamu. Kazi ya mwezi huisha kabla chai haijapoa.

Watetezi wa vyombo hivi wana hoja tatu. Wasema kuwa habari zilizokusanywa zilikuwa wazi. Kuwa mfanyabiashara mdogo hupata msaada. Na kuwa asiyependa aweza kukataa. Na tuzipime moja moja.

Hoja ya kwanza yachanganya kuonekana na kukusanywa. Mtu wa Kilwa Kivinje hujulikana na jirani kwa nyumba yake, na mvuvi mwenzake kwa chombo chake, na mwenye duka kwa deni lake. Kila mmoja ana kipande cha habari, na kila kipande kina dhamana ya ujirani. Akitokea mtu akavizunguka vipande vyote usiku mmoja, akavifunga pamoja na kumwuzia mgeni, hatutamwita mfanyabiashara, tutamwita mpelelezi. Wala hili si wazo la watu wa pwani peke yao. Desemba 2024 mamlaka ya Ufaransa ya ulinzi wa taarifa iliitoza kampuni ya KASPR faini ya euro 240,000. Kampuni hiyo ilikuwa na hazina ya watu wapatao milioni 160, na iliwauzia wateja wake namba na anwani zilizochotwa katika mtandao wa LinkedIn, hata za watu waliokuwa wamechagua kuzificha wasizione ila wanaojuana nao.

Hoja ya pili ni tamu masikioni, lakini na tuulize: mdogo ni nani? Chombo hununuliwa na mwenye fedha, akakitumia akiwa mbali. Mkulima wa korosho wa Kilwa hayumo miongoni mwa watafutaji. Yumo miongoni mwa wanaotafutwa. Jina lake aliliandikisha ili apate pembejeo, na kwa chama chake cha msingi ili auze mazao kwa stakabadhi ghalani. Orodha hiyo ikivuja ikaingia katika chombo, mgeni atajua namba yake na majira anayolipwa. Watanzania wangapi wamepokea ujumbe wa kitapeli uwatakao watume fedha kwa namba fulani? Tapeli wa leo hurusha jiwe gizani. Mpeni orodha, naye atarusha mchana. Fauka ya hayo, majina yetu ya pwani hurudiarudia, Saidi wa Hamisi na Hamisi wa Saidi, na mashine yaweza kumvisha mtu mmoja deni la mwenziwe pasipo hata mmoja wao kujua.

Hoja ya tatu huanguka yenyewe. Ili mtu akatae, yampasa kwanza ajue nani amekuja. Mchuuzi hufika mlangoni na uso wake, akabisha hodi. Akiambiwa sitaki, huenda zake. Dalali naye hujulikana na pande zote mbili, na akidanganya hupoteza heshima yake. Chombo hiki chaingia ndani kwanza, kisha muuzaji ndiye abishaye hodi, hali amekwisha kuhesabu vyombo vya nyumba.

Pwani hii yapaswa kuwa ya kwanza kuelewa. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 kila mmoja. Hatulinganishi orodha na mnyororo. Kufanya hivyo ni kuwadhulumu waliofungwa. Lakini jambo moja la mkataba ule lafaa kukumbukwa: waliohusika zaidi hawakuwapo walipokuwa wakipatanwa bei.

Tanzania imekwisha kutunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Sheria yataka taarifa zitumike kwa kusudi zilizokusanyiwa, nayo yampa mtu haki ya kuzuia taarifa zake zisitumiwe kumtangazia biashara. Lakini haki isiyojulikana Nangurukuru na Mchinga ni haki ya kabatini. Basi twadai mambo matatu. Kila wakala wa mashine ajitaje kuwa ni mashine katika sentensi ya kwanza, na aseme jina la mtu amelipata wapi. Vyama vya ushirika na ofisi zisitoe orodha ya watu kwa muuzaji yeyote bila idhini ya wenye majina. Na Tume ifike vijijini, iwaeleze watu kwa Kiswahili chepesi namna ya kukataa na mahali pa kushitaki.

Anayeona madai haya ni mazito, na aende akauze Kilwa bila kubisha hodi, aone atapokewaje.