Vibanda vya simu vimekufa, wasio na simu wapo

Ndugu Mhariri,



Enzi za Shirika la Posta na Simu, sisi wa Kibosho tulikuwa tunateremka Moshi mjini kupiga simu. Unakuta foleni, sarafu mkononi, na ukikawia kueleza habari za msiba, wa nyuma anagonga kioo. Shirika hilo liligawanywa kwa sheria za mwaka 1993. Zikaja simu za kadi, kisha za mkononi, vibanda vikafa kimya kimya.

Silii adha ile. Leo mtoto aliyeko Dar es Salaam humpata mama yake akiwa mgombani, na hayo ni maendeleo. Lakini kibanda hakikumwuliza mtu jina. Mwenye sarafu alizungumza. Leo laini yataka alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na simu yataka chaji na vocha. Mzee asiye na hivyo huazima simu ya jirani, na siri yake huishia kwa jirani.

Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kufikisha huduma hii vijijini. Minara tunaiona. Naomba wahusika waweke pia simu moja ya umma katika kila ofisi ya kata na kila zahanati. Je, asiye na simu si mmoja wa hao "wote"?

Mpenda Maendeleo,
Kibosho, Moshi.